Juu ya Filamu ya Andy na Merit

Filamu nitakayoieleza hapa ni ya mwaka 1992, na wengi wenu mmekwisha kuiona, au mmesimuliwa na walioiona. Jina lake ni Living in Bondage, yaani kuishi kifungoni. Ilitungwa Nigeria kwa lugha ya Kiigbo, kwa fedha za mfanya biashara mmoja, Kenneth Nnebue, na aliyeiongoza ni Chris Obi Rapu. Haikupigwa kwa mashine kubwa za sinema, ila kwa kamera ya video tu. Wala haikungoja majumba ya sinema: ilitiwa katika kaseti, ikauzwa sokoni kama sabuni na chumvi. Wengi husema kwamba biashara yote ya filamu za Nigeria ilipata nguvu kwayo, nasi twajua jinsi filamu hizo zilivyoenea baadaye hata Kinshasa, Dar es Salaam na huku kwetu Katanga.

Kisa chenyewe ni hiki. Andy Okeke anaishi Lagos na mkewe Merit, mwanamke mwaminifu anayevumilia umaskini pamoja naye. Andy hawezi kuvumilia. Awaona wenzake wamepanda magari mazuri, yeye bado anahesabu senti. Ndipo akutanapo na rafiki yake Paulo, ambaye sasa ni tajiri, naye anamwingiza katika chama cha siri. Sharti la chama ni moja: amtoe sadaka mtu anayempenda kuliko wote. Andy ajaribu kwanza kudanganya, akimleta malaya mmoja, jina lake Tina, badala ya mkewe. Lakini Tina ataja jina la Yesu, na hila yafichuka. Mwishowe amtoa Merit. Fedha zaja. Mzimu wa Merit nao waja, wamtokea katikati ya anasa zake, hata akili zinamharibika naye anaishi kama kichaa wa njiani. Katika sehemu ya pili ni yule yule Tina, aliyekwisha kuongoka, anayemwokota na kumpeleka kanisani, na huko Andy aungama.

Hivi karibuni tuliitazama pamoja, watu wa jumuiya yetu kama ishirini, wazee na vijana, wachimbaji na wake zao. Kiigbo hakuna anayekijua. Kijana mmoja aliyepata kufanya kazi upande wa Zambia alitusomea yale maandishi ya Kiingereza, akiyageuza kwa Kiswahili chetu, na pengine akitia chumvi yake. (Huko Tanzania wamekuwako mafundi wa kazi hiyo, kama yule Lufufu aliyesifiwa sana kwa kuzisimulia filamu za kigeni, wetu hajafika huko, lakini hakututia usingizi.) Ilipokwisha niliwauliza: Mwaionaje?

Swali lao la kwanza lilikuwa moja: Mambo haya ni ya kweli? Nusu ya watu walisema ni ya kweli kabisa, na kila mmoja alikuwa na tajiri wake wa kututajia, ambaye gari lake lilikuja mwezi ule ule alipozikwa mtoto au ndugu. Wengine walisema ni michezo ya waigizaji, damu ni rangi, na mzimu ni mwanamke aliyepakwa unga. Walibishana hata usiku.

Ubishi huo si mgeni katika nchi ya shaba. Mwaka 1953 na 1954 mwanamke mtaalamu wa Marekani, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya, ng'ambo ya mpaka, naye aliandika maneno ya watu waliotazama sinema ya nje usiku. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 twawaona wakibishana juu ya filamu za wapanda farasi kama yaliyoonekana yalitendeka kweli au la. Wala kisa cha Andy si kigeni kwetu. Wazee wetu walitundika ukutani picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na kila mtu alijua maana yake: mwanamke huyo humtajirisha mtu, lakini hudai siri, na mwishowe hudai roho ya jamaa. Wachoraji wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi walimchora mara nyingi sana katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa hiyo filamu hii ilipofika haikutufundisha hadithi mpya. Ilimvika Mamba Muntu suti, ikampa gari.

Mimi naona kwamba swali la kweli au uongo, jinsi tunavyoliuliza, linatupoteza njia. Nitasema kwa nini.

Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka katika machimbo ya KOV, hapa karibu na Kolwezi, ikawafukia wachimbaji wa mikono. Walikufa watu zaidi ya 40. Katika mazungumzo yetu baada ya filamu, kijana mmoja mchimbaji aliutaja msiba huo, akasema: «Wale walitolewa. Shimo haliwezi kutoa madini mazuri bila kula watu.» Wengi waliitikia kwa kichwa. Huyo kijana si mjinga. Amefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, na anajua kuliko mimi jinsi udongo unavyopasuka kabla ya kuanguka, na jinsi mtu anavyochimba chini ya ukingo usiotegemezwa kwa sababu amechelewa kulipa deni. Yote hayo ayajua. Lakini filamu ilipokwisha, elimu yake yote ya mgodini ilinyamaza, na mzimu ukasema mahali pake. Nani basi atauliza habari za ukingo? Mzimu hauitwi mbele ya hakimu, wala hauwekewi nguzo za miti.

Tena kuna neno lililo baya zaidi. Mtu akisadiki kwamba kila kifo kina mtoaji, atamtafuta mtoaji huyo, naye hatakwenda kwa tajiri mwenye walinzi mlangoni. Atakwenda kwa mjane wa jirani, au kwa mtoto wa ndugu aliyekuja kulelewa, mwenye kukojoa kitandani na kuzungumza peke yake usiku. Tumewaona watoto hao sokoni. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaweka adhabu. Hata hivyo watoto wangali wanafukuzwa.

Je, kosa ni la filamu? Hapa nawapinga wale wazee wetu wawili waliosema kwamba filamu za namna hii zisionyeshwe tena, kwa kuwa zafundisha uchawi. Papa Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka watazamaji wafundishwe kuipima sinema. Hakuwaambia wafumbe macho. Na mwenye kuipima hii kwa makini ataona jambo ambalo wabishi wetu wa usiku ule hawakuliona: katika Living in Bondage hakuna mchawi aliyejificha nyumbani. Hakuna bibi kizee wala mtoto mwenye macho mabaya. Mwenye hatia ni Andy, mume mwenyewe, mtu mwenye nguvu na akili timamu. Alijua sharti, alipewa nafasi ya kukataa, akakubali. Tangu mwanzo filamu yatuonyesha mkono uliotenda.

Filamu na michezo iliyofuata ilikuwa nyepesi zaidi. Katrien Pype, mtaalamu wa Ubelgiji aliyekaa na waigizaji wa televisheni huko Kinshasa, ameeleza katika kitabu cha mwaka 2012 jinsi michezo yao inavyomtafuta mchawi ndani ya jamaa, hata afichuliwe, aungame, na mchungaji amwombee. Mtazamaji wa michezo hiyo ainuka kitini akimtazama mama mkwe wake. Lakini mtazamaji wa Living in Bondage, kama ametazama vema, hana wa kumtazama ila mwenyewe: ni mara ngapi nimewahesabu wenzangu wenye magari?

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, maana kijana mmoja msomi aliicheka tangu mwanzo, akisema ni filamu ya maskini. Ni kweli, kasoro zake ni nyingi. Sauti yazama na kupanda. Watu hukaa vitini na kuzungumza muda mrefu kuliko inavyofaa, na chama cha siri, pamoja na mavazi yake na mishumaa, chafanana kidogo na mchezo wa shule. Kama hofu ingetegemea mambo hayo, tungecheka wote pamoja na kijana yule. Lakini mahali pa kuogofya si pale penye mishumaa. Ni pale Andy anapokaa na rafiki yake, mchana, kama watu wawili wa kawaida wanaozungumza habari za kazi. Hakuna muziki wa kutisha unaohitajika hapo, na umaskini wa filamu unaisaidia: chumba ni kama vyumba vyetu, viti ni kama viti vyetu. Kenneth Okonkwo, aliyemwigiza Andy, haonekani kama mtu mwovu. Aonekana amechoka. Mama mmoja karibu nami alinong'ona: «Atakubali, huyo,» kabla Andy hajasema lolote. Filamu ya gharama kubwa, yenye majitu na mapango, haingempa mama huyo neno hilo.

Mzimu pia umetendwa kwa akili. Merit haji na kucha wala meno. Aja kama mke, na hilo latosha, kwa sababu mumewe ndiye peke yake anayejua kwa nini amekuja. Wenzake hawaoni kitu. Wale waliobishana kama mzimu ni wa kweli wangetulia kidogo kama wangetazama kwamba katika filamu yenyewe wageni hawauoni.

Kinachonipa shida ni mwisho. Si kwamba Andy aokolewa. Hilo nalipokea kwa moyo wote. Lakini njia yake kutoka jalalani hata kanisani ni fupi mno kwa mtu aliyeua, na machozi yaja upesi kuliko hesabu. Mwenye kutubu kati yetu huulizwa pia juu ya malipo: wako wazazi wa marehemu, iko mali iliyopatikana kwa damu yake. Watazamaji wetu walipiga makofi Andy alipoanguka magotini. Hakuna aliyeuliza habari za Merit.

Naye Tina! Mwanamke huyu alilewesha na kuletwa kama mbuzi, auawe badala ya mwingine, kwa sababu aliyemleta alidhani hana wa kumlilia. Kisha, alipomkuta mtu huyo huyo uchafuni, alimshika mkono. Usiku ule wote tulibishana juu ya mzimu, na jina la Tina lilitajwa mara moja tu, na mama mzee aliyekaa mlangoni, aliyetaka kujua kama Tina hakuogopa alipomgusa. Mkiitazama tena filamu hii, mtazameni yeye.