Si Kila Aliyeondoka ni Mtoro

Shuleni kwetu mwanafunzi asiyeonekana darasani ana jina moja tu: mtoro. Neno hilo haliulizi swali. Limeshaamua kwamba kulikuwa na wajibu, na kwamba mtu ameukimbia.

Kozi za bure za mtandaoni ziliposhika kasi, hukumu hiyo ilizifuata. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha akili unde kupitia intaneti, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Waliofika mwisho walikuwa takriban 23,000. Ukigawa, unapata mmoja katika kila saba, na mijadala mingi ya miaka iliyofuata iliishia kwenye hesabu hiyo: kozi hizi hazifai kwa sababu watu wanazikimbia.

Wanafunzi watatu wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford walikataa kuanzia hapo. René Kizilcec alikuwa upande wa mawasiliano, Chris Piech sayansi ya kompyuta, na Emily Schneider elimu. Utafiti wao, uliowasilishwa mwaka 2013 katika mkutano wa uchambuzi wa data za ujifunzaji huko Leuven, Ubelgiji, unastahili kufunguliwa kama fundi anavyofungua redio, kwa sababu ubora wake na udhaifu wake vyote vimo katika uamuzi mmoja mdogo uliofanywa mapema.

Walichukua kozi tatu za kompyuta za Stanford: moja ya kiwango cha sekondari, moja ya shahada ya kwanza, na moja ya uzamili. Mitambo ilikuwa imehifadhi kila mbofyo wa maelfu kwa maelfu ya watu. Data nyingi kiasi hicho ni kishawishi, kwa kuwa mtafiti anaweza kupima kila kitu akapotelea humo. Wao walipunguza. Kila kipindi cha kozi, kwa kawaida kinachoishia na zoezi la kupimwa, kilipewa alama moja tu kati ya nne kwa kila mwanafunzi: amewasilisha zoezi kwa wakati; amechelewa kuliwasilisha; hakuligusa lakini alitazama video au kujibu maswali madogo; hakuonekana kabisa. Safari nzima ya mtu ikawa mstari mfupi wa alama.

Kisha alama zikageuzwa namba: 3, 2, 1 na 0. Hapo ndipo mistari inapoweza kulinganishwa. Chukua kozi ya vipindi vitano. Anayewahisha kila zoezi ana 3-3-3-3-3. Anayetazama video tu ana 1-1-1-1-1. Tofauti yao ni mbili kwa kila kipindi, jumla kumi, na hiyo kumi ndiyo umbali kati yao. Kwa kutumia umbali huo, mbinu iitwayo k-means huweka vitovu vinne, humpeleka kila mwanafunzi kwenye kitovu kilicho karibu naye, husogeza vitovu katikati ya watu waliovijia, na kurudia hadi pasiwe na anayehama. Kwa kuwa matokeo hutegemea vitovu vilianzia wapi, walirudia zoezi zima mara 100 na kuchagua mgawanyo uliokaa vizuri zaidi.

Makundi manne yakajitokeza katika kozi zote tatu. Wamalizaji walifanya mazoezi mengi. Wapo walioanza kwa nguvu kisha wakakatika, mara nyingi ndani ya theluthi ya kwanza ya kozi. Waonjaji walitazama video kwa kipindi kimoja au viwili, wengine wakiingia kozi ikiwa imeshafika mbali. Kundi la nne ndilo lililobadilisha mazungumzo: watazamaji waliofuata sehemu kubwa ya kozi bila kujali mazoezi. Hakuna hata mmoja wao aliyepata cheti. Hata hivyo, katika kozi mbili za juu waliridhika na kozi kuliko waonjaji na waliokatika. Kwa hesabu ya zamani, hawa nao ni watoro.

Angalia pia uwiano. Katika kozi ya sekondari wamalizaji walikuwa asilimia 27 na waonjaji 39. Katika ile ya uzamili wamalizaji walikuwa asilimia 5, waonjaji 80. Anayeibeza kozi ya uzamili kwa kuangalia wamalizaji peke yao anawahesabu kuwa watoro watu wanne kati ya watano waliochungulia mlangoni na kuendelea na safari zao. Watu walipoulizwa kwa dodoso kwa nini waliacha kozi za namna hii, majibu yaliyotajwa zaidi yalikuwa majukumu binafsi, kazi, na uzito wa kozi yenyewe.

Sasa ule uamuzi mdogo. Namba 3, 2, 1 na 0 zina ngazi zinazolingana, lakini maisha ya mwanafunzi hayana. Je, aliyechelewesha zoezi yuko mbali na aliyewahi sawasawa na umbali wa mtazamaji kutoka kwa asiyeonekana? Mimi ningesema aliyechelewa yuko karibu zaidi. Tena, alama hizo zinaona video na mazoezi tu. Anayejifunza kwa kubishana na wenzake haonekani ndani yake.

Mwaka 2015 Rebecca Ferguson na Doug Clow wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza waliijaribu mbinu hiyo kwenye kozi nne za FutureLearn, jukwaa lililojengwa juu ya mazungumzo kati ya wanafunzi. Haikuhamishika moja kwa moja. Walilazimika kuunda alama mpya zinazoyapa uzito maoni ambayo wanafunzi huandika, na wakapata makundi saba, wakiwemo waliofika karibu kabisa na mwisho kisha wakaishia hapo. Kwa maoni yangu hilo halikuubomoa utafiti wa Stanford. Lilionyesha kwamba kila anayechagua alama ameshachagua, kabla ya kompyuta kuwashwa, kujifunza ni nini. Mtafiti kijana atakayebeba mbinu hii kwenda kwenye kozi zinazoendeshwa kwa makundi ya WhatsApp atakutana na kazi hiyohiyo upya, na alama za 2013 hazitamsaidia kuikwepa.

Na kati ya wale watafiti watatu wa Stanford, Piech alibaki chuoni hapo, safari hii akifundisha. Janga la korona lilipofunga madarasa mwaka 2020, yeye na Mehran Sahami walifungua Code in Place, kozi ya bure ya kuandika programu kwa lugha ya Python. Waliwakusanya walimu wa kujitolea wapatao 900 kwa wanafunzi zaidi ya 10,000. Kila mwalimu alipewa wanafunzi kama kumi hivi na kukutana nao moja kwa moja kwenye skrini, kwa majina yao.