Ngome ya Udongo ya Bahla

Yako maneno yasemwayo sana katika vijiji vyetu vya Tanga, ya kwamba nyumba ya udongo ni nyumba ya maskini, na mwenye akili hujenga kwa mawe au kwa saruji. Sisi nasi tuliyasema zamani. Leo twataka kuyapima kwa ngome ya Bahla, iliyoko Omani, katika nchi kavu chini ya milima ya Jebel Akhdar.

Bahla ulikuwa mji mkuu wa Wanabahani, waliotawala huko tangu karne ya 12 hata mwisho wa karne ya 15. (Wafalme wa Pate nao walijinasibisha na ukoo huo, basi habari hizi si za wageni kabisa.) Watu hawa hawakuwa maskini, walakini walijenga kuta na minara ya ngome yao kwa matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa juani tu, usioingia tanuu. Na ukuta uzungukao mji pamoja na mitende yake, urefu wake wapata kilometa 12.

Twasifu nini hasa? Si ukubwa, twausifu msingi. Adui wa udongo ni maji, wala hayatoki juu peke yake, bali hupanda kutoka ardhini yakaula ukuta miguuni. Mafundi wa Bahla walilijua jambo hili, wakatanguliza msingi wa mawe, ndipo wakapanga matofali.

Shule ya kwanza tuliyofundisha ilikuwa ya udongo, imesimamishwa juu ya ardhi tupu. Masika mawili yalipita asitokee mtu wa kuikandika, kila mmoja akimngoja mwenziwe, nasi mwalimu tukiwa wa kwanza katika kungoja. Masika ya tatu ukuta wa mashariki ukalala chini usiku. Tukaulaumu udongo! Nyumba mpya ni ya saruji na mabati, na saa saba mchana twawatoa watoto tukawafundishe chini ya mwembe.

Bahla nayo iliachwa. Ilipotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1987, ilikuwa ikibomoka kila baada ya mvua, hata mwaka 1988 ikaandikwa miongoni mwa mahali palipo hatarini. Serikali ya Omani ikaitengeneza miaka mingi. Mwaka 2004 ikatolewa katika hatari hiyo, na mwaka 2012 ikafunguliwa kwa watazamaji.

Hapo ndipo tuna neno la lawama. Sisi tumeiona kwa picha tu, lakini katika picha hizo kuta ni laini, za rangi moja, hata jicho halitambui upi ni ukuta wa kale na upi umeinuliwa juzi. Mtu atajibu kwamba ukuta wa udongo siku zote ni mpya, maana hukandikwa tena na tena. Jibu hilo lina nguvu, wala hatulipuuzi. Lakini kukandika ukuta uliosimama ni kazi moja, na kuinua uliokwisha anguka ni nyingine. Kule Tongoni, kusini ya Tanga, nguzo nyingi za makaburi zimeanguka, na atazamaye aona wazi ya kuwa zimeanguka. Katika Bahla tungalipenda tuone alama, ijapokuwa mstari mmoja wa mawe madogo, kuonyesha kazi ya babu imekoma wapi na ya wajukuu imeanzia wapi.