Masikio ya Kusikilizia Jicho

Sindano yake, mtafiti wa ubongo David Hubel aliitengeneza mwenyewe. Alichukua waya wa tungsteni, akaunoa kwa umeme badala ya tupa, hadi ncha ikawa nyembamba kuliko unywele. Kisha akaupaka vanishi, akiacha ncha tupu, ili unase mshtuko wa seli moja ya ubongo katikati ya maelfu ya jirani zake. Ufundi huo aliuchapisha mwaka 1957.

Mwaka uliofuata, huko Baltimore, Marekani, yeye na mtafiti mwenzake Torsten Wiesel walikaa na paka aliyelazwa kwa dawa. Sindano iliunganishwa na spika: seli ikishtuka, spika inalia tak. Walimwonyesha paka vidoa, kimoja baada ya kingine, na seli ikawa kama haioni kitu. Saa zikapita. Ghafla, walipokuwa wakichopeka kioo chenye kidoa kwenye mashine ya kuonyeshea vidoa, spika ikarindima kama mvua juu ya bati. Kidoa hakikuhusika hata kidogo. Seli ilikuwa imeona kivuli cha ukingo wa kioo: mstari mwembamba, uliolala kwa mwinamo fulani, ukipita. Waligeuza mwinamo, kimya. Wakaurudisha, mvua tena.

Wengi huita tukio hilo bahati. Mimi naona ni subira, maana mwenye haraka angekuwa ameshaiacha seli ile zamani.

Kwa kima aina ya makaka, ambao ubongo wao uko karibu zaidi na wetu, Hubel na Wiesel baadaye walikuta mpangilio unaonifanya nivue kofia. Sindano ikisogezwa kimshazari ndani ya gome la ubongo, mwinamo unaopendwa na seli hugeuka karibu nyuzi 10 kwa kila sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kabla milimita haijaisha, miinamo yote imeshapita kwa zamu, kama kazi ya msukaji mikeka asiyeruka chane. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1981.

Mbele zaidi katika ubongo wa kima, karibu na sikio, mtafiti mwingine, Charles Gross, na wenzake walikutana na seli iliyokataa mistari na kila walichoionyesha. Walipopunga mkono mbele ya skrini, ikaamka. Ndipo wakachukua mkasi, wakakata karatasi umbo baada ya umbo. Kadiri umbo lilivyokaribia mkono wa kima, ndivyo seli ilivyozidi kulia.