Mtoto wa Ziwani Juu ya Ziwa

Video yenyewe ni ya dakika tatu na sekunde chache. Inaanza ndani ya gari la kukodi, theluji imejaa kando ya barabara, na sauti ya dada yangu inatangaza kwa Kiingereza kwamba leo wanaenda kuona ziwa lililoganda. Dada ni mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa pamoja Ziwani, kwenye nyumba za kaunti, pale ambapo ukikaanga kitunguu jirani anajua unapika nini. Mwaka huo alikuwa Marekani akifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja, chini ya mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu vijana kutoka nchi mbalimbali wakafundishe lugha zao kwa mwaka mmoja wa masomo. Garini walikuwa wanne, wote walimu wageni: yeye, Mturuki, Mmisri na msichana wa kutoka Indonesia. Ilikuwa wikendi ya Februari, na walikuwa wanaelekea Madison, Wisconsin.

Nimeitazama video hii mara nyingi kuliko inavyostahili. Nataka tuisome hapa vile tungesoma hadithi fupi, kwa sababu naamini hii ni moja ya hadithi ambazo kizazi chetu kinazitunga kwa wingi: mmoja wetu ameenda majuu, theluji imeanguka, simu imetoka mfukoni. Mwalimu wa Kiswahili Amerika, mwalimu wa Kiingereza Uchina, nesi Uingereza, wote wametutumia.

Kanuni zake unazijua. Kwanza mvuke unatoka mdomoni na mtu anacheka. Halafu mkono usio na glavu unashika theluji, mtu anapiga kelele. Halafu koti linaonyeshwa. Mwisho kuna mandhari pana na muziki, na maneno ya kushukuru Mungu. Kazi haionekani. Pesa hazitajwi. Saa za jioni, wakati mtu yuko peke yake chumbani, hazirekodiwi kamwe.

Sisemi hivi kwa wivu. Sawa, kwa wivu kidogo. Lakini malalamiko yangu ni ya msomaji: hadithi iko pale, na mtunzi anaipita mbio.

Chukua lile koti. Kwenye video dada analionyesha kwa sekunde tatu na kuendelea. Mimi nilikuwa naye Gikomba siku alipolinunua, mwezi wa saba, tukibishana na muuzaji hadi watu wakaanza kutuangalia. Lilikuwa koti la mtumba, zito, lililoshonewa baridi ambayo Nairobi haijawahi kuiona hata Julai. Kwa hiyo koti lilitoka kwenye nchi ya baridi, likavuka bahari ndani ya bunda, likaishia Gikomba, kisha likarudi baridini mgongoni mwa mwalimu wa Kiswahili. Hiyo ni riwaya. Yeye ametupa sekunde tatu.

Au chukua ziwa. Ziwani kwetu hakuna ziwa. Tumebaki na jina tu. Na sasa mtoto wa Ziwani amesimama juu ya Ziwa Mendota, juu kabisa, miguu mikavu, na nyuma yake kuna wazee wamekaa kwenye ndoo wakivua samaki kupitia matundu waliyotoboa kwenye barafu. Sisi barafu tunaijua kama kitu kinachomwagwa juu ya samaki wasioze. Hawa samaki wako hai chini yake. Hata neno lenyewe limesafiri. Barafu tumelitoa kwa Waajemi, ambao kwao *barf* ni theluji. Neno lilipofika pwani yetu likakuta hakuna theluji, likapewa kazi nyingine. Mwalimu wa Kiswahili amesimama juu ya barafu, na kamera inataka aseme "wow" tu.

Wenzetu walishawahi kupita njia hii, na ndiyo maana sikubali kisingizio kwamba Kiswahili hakina mazoea ya baridi. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki, wakihitaji maofisa wanaojua Kiswahili. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895, na simulizi yake ya maisha na ya Berlin ilichapishwa 1894 katika mkusanyo wa Büttner. Selim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, hakuwa mwalimu. Alikuwa mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller, na mwaka 1896 akafuatana naye Urusi mpaka Siberia. Safari yake imo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901.

Ninachokipenda kwa Selim ni mwelekeo wa jicho. Tumezoea Mzungu akija kutueleza sisi. Hapa Mrusi, Mkalmyki na Mkirgizi ndio wanaoelezwa, na msimulizi ni mtu wa visiwa vya Bahari ya Hindi, anayewapima kwa vipimo vya kwao. Kasoro yake pia iko wazi. Tajiri yake yuko karibu kila wakati, na aliyeamua nini kichapwe alikuwa profesa Mjerumani aliyetaka matini ya kufundishia wanafunzi wake. Mtu anayejua kwamba bosi atasoma huchagua maneno.

Wa tatu ndiye anayeniuma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifika Berlin 1900 kufundisha katika chuo kilekile. Jina lake limefungamana na *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha 1903 ambacho bado hakina mpinzani kwa kueleza maisha ya pwani ya zamani. Darasani alikutana na dharau ya wanafunzi wasiotaka kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kwenda kwao Mtoro, na serikali ya kikoloni ikakataa asishuke na mke wake katika nchi aliyozaliwa. Wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927.

Sasa angalia kilichochapishwa chini ya jina lake. Kitabu kizima kinaeleza pwani: ndoa, ngoma, uganga, safari za bara. Hicho ndicho walichokuwa wanakitaka kwake. Majira yake mengi ya baridi, darasa lililomkodolea macho, meli iliyogeuka, hayamo humo.

Ndiyo maana narudi kwa dada na simu yake. Mtoro na wenzake waliandika Kiswahili safi kwa wasomaji wa Kijerumani. Dada anafundisha Kiswahili kwa Wamarekani Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi anatutumia sisi, watu wa Ziwani, video ya Kiingereza. Pande zote mbili lugha iko kazini, inalipwa mshahara, na haipati likizo ya kuongea na watu wake. Mtoro angalau hakuwa na uchaguzi mkubwa. Sisi data tunanunua wenyewe.

Lakini kuna sekunde tisa.

Karibu na mwisho, gari linakwama kwenye maegesho kando ya ziwa. Magurudumu yanazunguka, theluji inaruka, na simu imeachwa ikirekodi chini, inaonyesha buti na kipande cha bampa. Kiingereza kinamtoroka dada. "Woi! Kwani mnaangalia nini? Si msukume!" Mmisri anauliza ni nini. "Sukuma!" Na hapo unasikia sauti nne, moja ya Istanbul, moja ya Kairo, moja ya Jakarta au popote yule msichana alipotoka, na moja ya Ziwani, zikihesabu pamoja: su-ku-ma, su-ku-ma. Gari linatoka. Wanapiga kelele kama watoto. Kisha muziki unaingia na tunarudishwa kwenye mandhari.

Hizo sekunde tisa ndizo kazi ya sanaa. Kwa mara ya kwanza hao wanne hawako likizoni wala kazini. Mwalimu amefundisha neno bila kupangiwa silabasi, na wanafunzi wamelielewa kwa mabega.

Alipokuja nyumbani nilimuuliza kuhusu safari ile, tukiwa jikoni. Akaniambia mambo yasiyo kwenye video. Karibu asiende, kwa sababu posho ya mwezi alikuwa ameigawa, nusu imekuja huku kwa kodi ya mama. Desemba yake ya kwanza, jua lilipokuwa linazama saa kumi na nusu jioni, alikuwa anarudi chumbani na kuweka redio ya Nairobi kwenye simu apate tu kusikia foleni ya barabara gani imeshindikana. Na alikuwa anakula kolado, ambayo ni sukuma wiki yetu ileile. Huko inapendwa sana na Wamarekani Weusi wenye asili ya Kusini. Alikuwa anasukuma wiki kihalisi, manze, mpaka posho ifike.

"Hayo ndiyo ungeweka," nikamwambia.

"Watu wangesema nimeshindwa."

Hapo ndipo penye tatizo, na silioni kuwa lake peke yake. Mtoro alinyamaziwa na waliomlipa. Dada ananyamazishwa na sisi tunaomngoja, tunaohitaji theluji ya kupendeza ili ndoto yetu ya kwenda isiharibike. Viza yake ilimtaka arudi akae miaka miwili nyumbani kabla ya kuomba kuhamia huko. Amerudi, yuko hapa, anatafuta shule ya kumwajiri, na video bado inapata *like*.

Kitu kimoja hakukijua aliposimama juu ya Mendota. Katika mji ule wa Madison, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwahi kufundisha Ken Walibora, yule wa *Siku Njema*, riwaya ya 1996 ambayo wengi wetu tuliijua kabla hatujajua tunapenda riwaya. Aliishi baridi ileile, akarudi Nairobi, na Aprili 2020 akagongwa na gari kwenye Barabara ya Landhies, si mbali na kwetu kwa miguu. Dada aliponyamaza baada ya kusikia hivyo, nilijua amepiga hesabu ninayoipiga mimi: mtu hujui una muda gani wa kuandika ulichokiona.

Hukumu yangu basi. Kama video, imetengenezwa vizuri na imesahaulika. Kama rasimu, ni bora kuliko vitu vingi vilivyochapishwa mwaka huu, mradi tu mtunzi akubali kukata dakika tatu na kubakisha sekunde tisa, koti, na lile giza la saa kumi na nusu. Kwa Kiswahili, chochote kile alicho nacho, cha darasani au cha Gikomba.

Nimemwambia aanze na sukuma. Amesema ataangalia wikendi.