Omena, Mwezi na Kidole Gumba

Usiku wa giza, maji ya Nyandiwa, upande wa Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, hujaa taa mpaka mgeni akadhani kuna mji ng'ambo. Hao ni wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Zamani walibeba karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Taa huelea majini, omena hukusanyika kuufuata mwanga, kisha wavu huzungushwa na kuvutwa kwa subira. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, samaki hawakusanyiki, na mashua nyingi hubaki ufuoni.

Mbunifu wa michezo ya kompyuta akiyasikia hayo, wazo analo tayari. Taa ina gharama, mwezi una ratiba yake, ziwa lina upepo, na mvuvi lazima aamue kabla jua halijazama: aende na taa ngapi, na aende mbali kiasi gani. Kilichobaki ni kulifanya wazo hilo lichezeke. Kazi hiyo haipati sifa inayostahili. Gemu ikipendeza, watu husifu picha na muziki. Aliyekesha akipima mchezaji apewe dakika ngapi kabla mwezi haujachomoza, hakuna anayemtaja.

Hadithi za kutengenezea michezo hazitakosekana pande hizi. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo ambalo wenyeji husimulia kuwa ni kijiji kilichozama baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikilia, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi na myembamba, na adui alilazimika kuinama ili apite. Kila nikiufikiria mlango ule namwona mjenzi akijiuliza swali ambalo mbunifu wa gemu hujiuliza kila siku: anayeingia hapa atafika akiwa katika hali gani, na ataona nini kwanza?

Ila hadithi haijawa mchezo. Mtazame Nyamgondho wuod Ombare, yule mvuvi maskini ambaye wavu wake ulinasa bibi kizee badala ya samaki. Alimchukua nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe na wake, kisha usiku mmoja akarudi amelewa na kumtukana. Bibi akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Kila mtoto wa Gwassi anaujua mwisho huo. Ukimwekea mchezaji kitufe cha kutukana, hatakibonyeza hata siku moja. Atakuwa mpole, atatajirika, na mchezo utakufa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mimi ningekiondoa kitufe hicho kabisa. Ningemjazia mchezaji shughuli: ng'ombe wanatoroka, zizi limejaa, mgeni anangoja, pombe iko tayari, na wakati huohuo bibi anaomba maji. Ombi ni dogo, na limekuja wakati mbaya. Mchezaji atasema moyoni, ngoja kidogo. Atasema hivyo tena na tena, na siku bibi atakapoinuka kwenda ziwani hakuna neno baya litakalokuwa limetamkwa. Ili hilo litokee bila mchezaji kuhisi ametegwa, mtengenezaji atabadilisha hesabu mara nyingi sana: maombi mangapi, ng'ombe wangapi, ukimya wa muda gani.

Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walifanya ufundi wa namna hiyo katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Hatua ya kwanza haina maelezo hata mstari mmoja. Adui mdogo anakujia kutoka kulia. Usiporuka unakufa, na hujapoteza kitu kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza. Ukigonga tofali, uyoga unatoka. Unafanana kidogo na yule adui, kwa hiyo unauogopa. Uyoga unateleza kwenda kulia, unagonga bomba, unageuka na kukurudia; ukijaribu kuuruka, matofali ya juu yanakuzuia. Uyoga unakugusa, nawe unakuwa mkubwa. Umefundishwa bila kuambiwa. Bomba lile na matofali yale yalichorwa kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, na mahali pa kila kimoja palifikiriwa.

Fundi mwingine hujua cha kuacha. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978, mashine yake ilielemewa na wingi wa maadui, hivyo kadiri mchezaji alivyowapunguza ndivyo waliobaki walivyokwenda kasi. Angeweza kuirekebisha kasi hiyo. Aliiacha, na ndiyo inayomtoa mchezaji jasho.

Kenya nayo ina wajasiri wake. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Andrew Kaggia akaileta Nairobi X mwaka 2015, jiji likivamiwa na viumbe wa angani. Leo kijana wa Rongo au Mbita anaweza kupata Godot, programu ya kutengenezea michezo, bila kulipa senti.

Hata hivyo ningemshauri aanze na kadibodi na maharage. Bao la Kiswahili humpa kila mchezaji kete 32. 10 hukaa ubaoni, 22 hubaki mkononi na kuingizwa mojamoja katika awamu ya namua, na kwa hiyo ubao hubadilika sura kabla mtu hajajipanga. Siamini hesabu tamu kama hiyo ilipatikana kwa jaribio moja. Mchezo wa omena nao ungepimwa hivyohivyo: maharage yawe mafuta ya taa, kadi ziwe siku za mwezi, na mtengenezaji akae nyuma ya mchezaji akiwa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu zaidi, maana kidole kikikosea njia unatamani kukielekeza, na ukikielekeza hutajua kosa liko wapi.

Tatizo ambalo bado linanisumbua ni siku za mwezi mpevu. Mvuvi hupumzika, lakini mchezaji asiye na la kufanya huzima simu. Nadhani siku hizo ziwe za nchi kavu: nyavu za kushonwa, na omena waliokwisha anikwa, huku wingu likijikusanya juu ya Milima ya Gwassi. Mvua ikiwalowesha huharibika, na mnunuzi wa chakula cha kuku atawachukua kwa bei ya kutupa. Uwaanue sasa wakiwa nusu wakavu, au uwape saa moja zaidi? Saa hiyo moja ndiyo ningeanza kuipima.