Toa na Hasi: Jinsi ya Kuupima Ukurasa wa Hisabati

Jumamosi iliyopita nilikaa katika chumba kimoja cha mikutano hapa Kampala, nikawasikiliza watu wazima wenye shahada zao wakikisifia kijitabu cha maswali ya integresheni kwa wanafunzi wa kidato cha sita. Jalada lake la rangi nne linang'aa, na kila jibu limefungiwa ndani ya kisanduku cha buluu. Kikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekipokea akasema, "Kazi safi." Kiliponifikia nilifungua ukurasa wa tatu, nikatafuta kitu kimoja tu. Sikukiona. Nikakifunga na kumpa jirani yangu, nikanyamaza kwa sababu ya adabu. Leo sinyamazi.

Mimi si mwalimu wa hisabati. Nilijifunza ukubwani, usiku baada ya kazi, kwa vitabu vya mitumba na daftari za karatasi za mraba. Kila nilichokielewa nilikipanga mwenyewe kwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa za hisabati, kabla ya kulala, na nilichoshindwa kukipanga nilijua sijakielewa. Miaka imepita hivyo, na sasa siwezi tena kuvitenga vitu hivi viwili. Kwa hiyo ukinipa ukurasa wa hisabati na kuniuliza kama ni mzuri, sianzi na fonti wala karatasi. Naangalia alama ya kutoa.

Karibu kila mtu hupitwa nayo. Kwenye kibodi, pembeni mwa sifuri, kuna kistari. Kiliwekwa pale kwa ajili ya kuunganisha maneno na kukata neno linapofika ukingoni mwa mstari. Ni kifupi, na hukaa chini kidogo, usawa wa tumbo la herufi ndogo. Alama ya kutoa ni kitu kingine kabisa. Upana wake ni ule ule wa alama ya kujumlisha, na kimo chake ni kile kile cha mkono wa kulala wa jumlisha. Chukua rula, iweke chini ya mkono huo, kisha iburute hadi kwenye alama ya kutoa iliyo karibu. Zikikaa mstari mmoja, endelea kusoma. Kama alama ya kutoa imedondoka chini ya rula, na ni fupi kama punje ya mchele uliovunjika, basi aliyepanga amebonyeza kilichokuwa karibu na kidole.

Hiyo ni hatua ya kwanza, na wako wanaoivuka. Ya pili huwashinda wengi zaidi, nayo ni nafasi. Kiswahili kilishalimaliza jambo hili kabla ya kompyuta: 7 − 5 ni saba toa tano, na −5 ni hasi tano. Maneno mawili, kwa sababu ni mambo mawili. Toa ni tendo kati ya namba mbili. Hasi ni tabia ya namba moja. Ukurasa nao lazima uyatenge, na hauna kinywa, una nafasi tu. Toa huachiwa hewa kushoto na kulia, sawasawa. Hasi hushikamana na namba yake kama kucha na kidole. Tazama 3 − (−5) = 8. Alama mbili zenye umbo moja, lakini msomaji aliyezoea anasikia maneno mawili tofauti bila kutafuta.

Katika miaka ya 1960, vitabu vingi vya mtaala ulioitwa "hisabati mpya" viliona ugumu huu vikaiinua hasi juu, mwanzoni mwa namba, ili mtoto asiichanganye na toa. Ulikuwa wakati wa warsha zilizoanza Entebbe mwaka 1962, zilipoandikwa vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika. Watu wale waliamini kwamba alama ndogo inastahili kujadiliwa na watu wazima wakiwa wamekaa mezani. Nami naamini hivyo.

Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliamini zaidi. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha programu za kompyuta. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa herufi za risasi; hili lilipigwa kwa mashine mpya za picha, na sura yake ikamchukiza. Aliacha kuandika, akatengeneza TeX, ambayo LaTeX imejengwa juu yake, na kazi hiyo ikamla miaka kama kumi. Humo ndani, nafasi ya kila upande wa toa ni 4/18 ya em (kipimo kilicho sawa na ukubwa wa herufi), na ya kila upande wa alama ya sawasawa ni 5/18. Tofauti ni nyembamba kuliko uzi, ila ndiyo inayolifanya jicho liuone mlinganyo kwanza katika pande zake mbili, kisha ndiyo lione vipande vya kila upande. Alama ikitokea mwanzoni, au baada ya mabano kufunguliwa, au baada ya sawasawa, TeX yenyewe inatambua kwamba hii ni hasi na kuinyima nafasi. Mtu mmoja alikaa akayafikiria haya yote, na matunda yake yanatolewa bure. Halafu tunasifia visanduku vya buluu.

Aliyenifundisha kuona hakuwa na kompyuta. Alikuwa mzee wa Nasser Road aliyejifunza kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha Mhindi, kabla Wahindi hawajafukuzwa mwaka 1972. Alipanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, na nafasi nazo zilikuwa vipande vya risasi vya kuokotwa kwa vidole. Nilimpelekea kurasa zangu za kwanza nikiwa na fahari kubwa. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni mwa shati, akainama muda mrefu juu ya mstari mmoja, kisha akauliza, "Mwanangu, hapa unatoa au unadaiwa?" Sikuelewa. Akaweka ukucha juu ya alama. Nilikuwa nimeandika hasi nikaiachia hewa pande zote mbili, ikawa kama toa iliyopotelewa na namba ya kushoto. "Zamani nafasi ilikuwa na uzito," akasema. "Ukiiweka pasipo pake, mkono unajua."

Utapeli nao huonekana papo hapo. Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, kuna maduka mengi ya kupiga chapa na kujalidi tasnifu, na wengi humo hufanya kazi ya halali. Lakini nimewahi kuletewa tasnifu ambayo mwenyewe alihakikishiwa kuwa imepangwa kwa LaTeX, na akatozwa bei yake. Chini ya kioo, kila mlinganyo ulizungukwa na vumbi la kijivu: ni picha zilizopigwa kutoka kitabuni na kubandikwa. Herufi x ya kwenye sentensi na x ya kwenye mlinganyo hazikuwa hata ndugu. Nyingine ilikuwa imepangwa kweli, ila ukurasa mmoja una hasi zilizokaa vizuri na unaofuata una vistari vya kibodi. Mkono mmoja hauandiki hasi za namna mbili. Nilimwambia mwenye kazi kwamba majibu yake yametoka kwa watu wawili, akainamisha kichwa.

Mengine nayataja kwa haraka. Jina sin husimama wima; likilazwa linakuwa s mara i mara n. Kabla ya dx huachwa nafasi nyembamba, 3/18 ya em, bila kukosa. Mlinganyo ni sehemu ya sentensi, na sentensi ikiishia hapo, nukta iwekwe. Alama za sawasawa zinazofuatana zishuke kwa mstari mmoja kama nguzo. Namba za milinganyo zikae kulia. Karatasi iwe na rangi ya maziwa, isimeremete. Rangi haina kazi katika ukurasa wa hisabati, na kisanduku ni dalili kwamba aliyepanga hakuamini jibu lake litaonekana.

Nakumbuka mitihani ya majaribio ya zamani, ile iliyopigwa kwa taipureta juu ya stensili na kuzungushwa kwenye mashine ya Gestetner. Mpiga chapa aliacha mahali patupu penye alama asizokuwa nazo, na mwalimu wa hisabati akazichora mwenyewe kwa mkono kwenye nta: kipeuo, integrali, hasi ndefu iliyonyooka. Karatasi ilinuka wino na herufi zilicheza. Lakini kila alama ilikuwa imepita mikononi mwa mtu anayejua maana yake, na ilisomeka.

Jumapili, siku moja baada ya kikao kile, mpwa wangu alikuja na fotokopi ya kijitabu kile kile. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, kama zinavyopatikana shuleni.

"Mjomba, hii inakataa."

"Inakataaje?"

"Inakwenda tu, haifiki mahali."

Ilikuwa integrali ya e kwa kipeo x, kuanzia 0 hadi infiniti. Alikuwa amejaza kurasa mbili. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Kweli hiyo haifiki mahali. Nilishika kioo nikasogea dirishani. Kushoto kwa ile x ndogo ya kwenye kipeo palikuwa na doa, si zaidi ya chembe ya vumbi. Kilikuwa kistari cha kibodi. Kikiwa kwenye kipeo hukonda, na mashine ya pili ya fotokopi ilikuwa imekila. Swali lilikuwa e⁻ˣ, na jibu ni 1. Hasi kamili, yenye upana wa jumlisha, ingehimili fotokopi tano.

Msichana alikuwa ameamini kwamba hajui integresheni.

Nilimwomba aniachie nakala yake. Kila usiku nakaa nayo, nafanya kila swali tangu mwanzo ili nijue ni wapi pana toa, ni wapi pana hasi, na ni wapi hapana kitu, kisha nachora kwa kalamu nyeusi na rula fupi. Nimefika ukurasa wa 19. Kuna maswali mawili ambayo bado sijaweza kuamua mwandishi alikusudia nini, nami nimeyawekea alama ya penseli.