Sekunde Thelathini

Kabla gridi ya taifa haijatufikia, Kasulu na Kibondo tuliishi kwa jenereta za dizeli, na umeme ulizimika bila hodi. Ndiyo asili ya ugomvi wangu na Linux, ambayo vinginevyo naistahi sana. Kiini chake huja kimepangwa kuacha maandishi mapya yakae kwenye kumbukumbu ya kompyuta sekunde 30 hivi kabla ya kupelekwa diskini. Umeme ukikatika hapo katikati, yamekwenda.

Kweli, programu makini huamuru yaandikwe papo hapo, lakini si zote zilizo makini, na karani anayechapa alama za wanafunzi atazitambuaje? Waliochagua 30 hawakuwa wajinga: kazi huenda kwa kasi, diski hupumzika, betri hudumu. Wenye betri, lakini! Mtaalamu ataishusha kwa mstari mmoja wa amri. Karani hataigusa maisha yake yote, hivyo yeye ndiye aliyestahili kufikiriwa kwanza.

Kwangu nimeweka 5. Diski yangu kuukuu inakoroma zaidi usiku, nami nimeizoea.